Hedhi Inapokaribia Kukoma: Mambo ya Kujua na ya Kufanya kwa Wanawake wa Unguja

Kukoma kwa hedhi ni hatua ambayo kila mwanamke anayeruzukiwa umri huifikia, na kwa hesabu ya matabibu huhesabiwa kuwa imetimia pale miezi 12 mfululizo inapopita bila ya mwanamke kuona damu, ilhali hakuna sababu nyengine ya kuizuia, kama vile ujauzito, kunyonyesha au dawa za uzazi wa mpango. Wengi huifikia baina ya umri wa miaka 45 na 55. Chanzo chake kimo katika ovari, yaani viungo viwili vidogo vilivyo pembeni mwa mfuko wa uzazi, ambavyo huhifadhi mayai na kutengeneza homoni. Nazo homoni ni kemikali zinazosafiri ndani ya damu na kuviamrisha viungo vyengine vya mwili. Mtoto wa kike huzaliwa na mayai yake yote, yapatayo milioni 1 hadi 2, na mwili wake hautengenezi mengine. Anapovunja ungo huwa yamebaki laki kadhaa, na katika umri wote wa kuzaa ni mia chache tu ndiyo yanayopevuka na kutoka. Akiba hiyo inapokaribia kwisha, ovari hupunguza utengenezaji wa estrojeni, ambayo ndiyo homoni kuu ya kike, na kwa kuwa estrojeni ilikuwa ikiuhudumia ubongo, ngozi, mifupa, mishipa ya damu, kibofu na njia ya uzazi, upungufu wake huhisiwa katika sehemu zote hizo na si katika damu ya mwezi peke yake.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba dalili huanza kabla ya hedhi kukoma. Kipindi cha mpito, ambacho kwa kawaida huchukua miaka minne hivi na kwa baadhi ya wanawake hurefuka zaidi ya hapo, ni kipindi ambacho estrojeni hupanda na kushuka bila ya mpangilio, na kupanda na kushuka huko ndiko kunakoleta usumbufu mkubwa zaidi. Kwa hivyo mwanamke wa miaka 45 ambaye bado huenda mwezini, lakini halali usiku, hutokwa jasho bila ya sababu na hukasirika kwa jambo dogo, huenda tayari amekwisha kuingia katika mpito, ingawa yeye mwenyewe na watu wa nyumbani kwake hawajafikiria hivyo. Aliyetolewa ovari zote mbili kwa upasuaji huingia katika hali hii mara moja, pasi na mpito, na dalili zake huwa kali. Aliyetolewa mfuko wa uzazi peke yake, na ovari zikaachwa, hedhi yake hukatika lakini homoni huendelea, hivyo hana damu ya kumuonesha alipofika na hulazimika kuzisoma dalili nyengine.

Katika Unguja, mwanzo wa hedhi una walimu wake. Mwali alikuwa akichezwa unyago, akakabidhiwa kwa somo wake, akafundishwa usafi, adabu za ndoa na namna ya kuujua mwili wake. Na makungwi waliosimamia mafunzo hayo walipata heshima kubwa, akiwamo Bi Kidude, aliyefariki dunia Aprili 2013, ambaye ulimwengu ulimjua kwa taarab ilhali wanawake wengi wa hapa walimjua pia kwa unyago. Mwisho wa hedhi haukupata mwalimu wa namna hiyo. Mwanamke huachwa aupite peke yake, na mahali penye kimya hujaa majina yasiyo sahihi: joto la mwili huitwa homa, mapigo ya moyo huitwa presha, huzuni na hasira huitwa shetani, ukavu wa uke huchukuliwa kuwa ni mapenzi yaliyokwisha, na damu inayotoka baada ya miaka miwili bila ya hedhi huitwa hedhi iliyorudi. Jina likikosewa na dawa hukosewa, na madhara yatokanayo na makosa hayo mara nyingi huwa makubwa kuliko ya hali yenyewe.

Dalili inayojulikana zaidi ni joto la ghafla, ambalo huwapata kiasi cha wanawake watatu katika kila wanne. Huanzia kifuani, likapanda shingoni na usoni, moyo ukadunda, jasho likatoka, kisha baada ya dakika moja hadi tano likaondoka na kumuacha mwanamke akihisi baridi. Sababu yake imo katika haipothalamasi, sehemu ndogo ya ubongo inayosimamia joto la mwili: estrojeni inapopungua, sehemu hiyo huwa nyepesi kushituka, na ongezeko dogo la joto ambalo zamani lisingehisiwa huifanya ifungue mishipa ya ngozi na kutoa jasho kana kwamba mwili unaungua. Utafiti mkubwa uliowafuatilia wanawake wa Marekani tangu mwaka 1996 ulionesha kwamba, kwa nusu yao, hali hii huendelea kwa zaidi ya miaka 7, na kwa Wamarekani weusi huzidi miaka 10. Mtu anayemwambia mwanamke avumilie miezi michache tu, kwa nia njema, humpa ahadi isiyo na msingi.

Hali ya hewa ya Unguja huongeza uzito wa jambo hili. Jasho huupoza mwili pale tu linapokauka, na katika miezi ya kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, hewa huwa imejaa unyevu kiasi kwamba jasho hubaki juu ya ngozi bila ya kukauka, hivyo joto la ghafla hukawia kutulia. Mfanyakazi wa Chukwani anayeshinda katika ofisi yenye kiyoyozi, iwe ni katika Baraza la Wawakilishi au katika Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait, kisha akatoka na kupanda daladala iliyojaa saa tisa za jua, huupa mwili wake mabadiliko makubwa ya joto ndani ya dakika chache, na mabadiliko hayo ni miongoni mwa vichocheo vinavyojulikana. Yule anayekwenda ufukweni kufuata maji kupwa ili aokote chaza, au anayelima mwani upande wa mashariki ya kisiwa, hana kiyoyozi lakini ana jua la utosini na kazi ya kuinama kwa saa nyingi.

Hatua za kupunguza joto hili huanzia katika mavazi. Mabuibui mengi ya siku hizi hushonwa kwa polista, kitambaa ambacho hakinyonyi jasho. Inafaa nguo ya ndani yake iwe ya pamba, kama vile kanga au dera jepesi, na buibui lenyewe lichaguliwe la kitambaa kinachopitisha hewa. Shuka za kitanda nazo ziwe za pamba, na kando ya kitanda iwekwe kanga kavu ya kubadilisha, ili mwanamke aliyelowa jasho usiku wa manane asilazimike kuamka kabisa na kupoteza usingizi wote. Chandarua kisiachwe kwa sababu ya joto, kwa kuwa kinga yake bado inahitajika. Feni ielekezwe kitandani ikiwa karibu zaidi, na kichwa cha kitanda kiwe upande wa dirisha. Kahawa ya jioni, chai ya moto yenye tangawizi nyingi na pilipili ya urojo huwachochea baadhi ya wanawake na wengine haviwadhuru, hivyo hakuna haja ya kujinyima kila kitu kwa pamoja: huachwa kimoja kwa wiki mbili, matokeo yakatazamwa, kisha ndipo likakatwa shauri. Tumbaku haina mjadala, kwa sababu huzidisha joto na huharakisha kukoma kwa hedhi kwa mwaka mmoja au miwili, na mwanamke anayetafuna tambuu yenye tumbaku ajihesabu kuwa ni mtumiaji pia.

Ramadhani ina hesabu yake. Mwili unaopoteza maji kwa jasho la usiku huingia katika saumu ukiwa na upungufu, kwa hivyo maji hayafai kuachwa yote hadi wakati wa daku. Ni bora yagawiwe kidogo kidogo tangu futari hadi daku, na vyakula vya chumvi nyingi vipunguzwe. Dawa zinazotumiwa mara moja au mbili kwa siku zinaweza kupangwa na daktari zikaangukia futari na daku, na mwanamke mwenye sukari au presha anapaswa kufanya mazungumzo hayo katika mwezi wa Shaabani, kabla ya mwezi kuandama.

Joto la usiku lina hatari moja ya pekee, nayo ni kufananishwa na homa. Yupo mwanamke ambaye kila akitokwa jasho hununua dawa ya mseto na kuimeza bila ya kupima, ingawa Zanzibar imeishusha malaria hadi kiwango cha chini ya asilimia 1 na kipimo cha haraka cha damu hutoa jibu ndani ya nusu saa. Kumeza dawa ya malaria kwa ajili ya homoni ni kupoteza fedha na kujitia sumu bure. Upande wa pili nao una makosa yake: si kila jasho la usiku kwa mwanamke wa miaka 50 linatokana na kukoma kwa hedhi. Likiambatana na kikohozi cha wiki mbili au zaidi na kupungua uzito, huenda ni kifua kikuu. Likiambatana na mikono kutetemeka, mapigo ya moyo ya kasi na shingo iliyovimba, huenda ni tezi la shingo linalofanya kazi kupita kiasi. Na kiu pamoja na kukojoa sana hudai kipimo cha sukari. Joto la homoni hupanda na kuondoka kwa dakika, na kipimajoto hakioneshi homa ya kweli. Tofauti hiyo ni rahisi kuijua nyumbani.

Baada ya joto, jambo linalohitaji uangalifu mkubwa ni damu yenyewe katika miaka ya mpito, kwa sababu hapo utabibu na ibada hukutana. Hedhi iliyozoea kuja kila siku 28 huanza kuja kwa siku 21, kisha 60, kisha 35. Mwezi mmoja huwa matone, mwezi mwengine humiminika. Daktari anataka kujua kama mabadiliko hayo ni ya kawaida, na mwanamke Mwislamu anataka kujua kama asali au asisali, afunge au alipe. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi Unguja, hedhi haipungui mchana na usiku mmoja wala haizidi siku 15, na utohara baina ya hedhi mbili haupungui siku 15. Damu iliyotoka nje ya mipaka hiyo ni istihadha, yaani damu ya ugonjwa, ambayo haimuondolei mwanamke wajibu wa sala na saumu, bali humtaka ajisafishe, ajifunge vyema na atawadhe kwa kila sala ya faradhi. Wapo wanawake wanaoacha sala kwa wiki tano kwa kudhani kuwa wamo katika hedhi moja ndefu, na wapo wanaofunga kwa shaka na kuilipa saumu hiyo mara mbili, na taabu ya nafsi wanayoipata ni kubwa.

Dawa ya shaka zote mbili ni daftari. Mwanamke aliyefikia miaka 40 na kitu anashauriwa kuandika, katika kalenda ya ukutani au kijitabu kidogo, siku damu ilipoanza, siku ilipokoma, wingi wake kwa idadi ya pedi au vitambaa, na dalili alizozihisi; akiandika tarehe za Kiislamu kando ya zile za kawaida huwa amekusanya ushahidi unaomtosha daktari na shekhe kwa pamoja. Kumbukumbu hiyo humfaa pia katika jambo zito zaidi, nalo ni eda. Mwanamke aliyepewa talaka huhesabu eda yake kwa utohara wa mara tatu iwapo bado huona hedhi, ilhali aliyekata tamaa ya hedhi huhesabu miezi mitatu, kwa mujibu wa Suratut Talaq, aya ya 4. Na yule aliye katikati, ambaye hedhi yake huja na kupotea, ndiye anayepata tabu zaidi, kwa kuwa hawezi kujiamulia mwenyewe kwamba imekoma. Suala lake likifika katika Mahakama ya Kadhi, tarehe zilizoandikwa pamoja na maelezo ya daktari humsaidia kadhi kuamua kwa yakini. Hili ni eneo ambalo wanawake wamelipuuza mno, na hasara yake ni ya haki zao.

Damu nyingi kupita kiasi isivumiliwe kwa kisingizio cha umri. Inapolowesha pedi nzima kwa saa moja na kuendelea hivyo kwa saa kadhaa, inapotoka kwa mabonge makubwa, inapozidi siku saba, au inapotoka baina ya hedhi na baada ya tendo la ndoa, mwanamke anahitaji kupimwa. Mara nyingi sababu huwa ni faibroidi, yaani vimbe zisizo za saratani zinazoota katika mfuko wa uzazi, ambazo huwapata sana wanawake wa asili ya Kiafrika, na ambazo kwa kawaida hunywea baada ya homoni kupungua; lakini kabla hazijanywea zinaweza kumkausha damu mwanamke hadi akaishiwa pumzi kwa kupanda ngazi. Kipimo cha wingi wa damu hufanyika kwa urahisi, vidonge vya madini ya chuma hupatikana, na tiba za kupunguza damu zipo kabla ya kufikiria upasuaji.

Mpito si utasa. Yai linaweza kupevuka baada ya miezi mitano bila ya hedhi, na mimba ya miaka 47 ina hatari nyingi kwa mama. Utaratibu unaokubalika ni kwamba mwanamke aliyekoma baada ya miaka 50 aendelee na uzazi wa mpango kwa mwaka mmoja tangu hedhi ya mwisho, na aliyekoma kabla ya hapo aendelee kwa miaka miwili. Anayetumia sindano au kijiti ajue kwamba njia hizo zenyewe huweza kuikata hedhi, hivyo kutoona damu hakumthibitishii chochote.

Damu inayotoka baada ya miezi 12 kamili bila ya hedhi ina hukumu moja tu, nayo ni hospitali. Hata ikiwa ni doa moja la rangi ya waridi, hata ikiwa haina maumivu, hata ikiwa ilitoka siku moja ikaacha, haiitwi hedhi na haisubiriwi itoke mara ya pili. Kwa wengi sababu huwa ndogo, kama vile wembamba wa ngozi ya uke, lakini kwa kiasi cha mwanamke mmoja katika kila kumi wenye damu ya namna hii huwa ni saratani ya ukuta wa mfuko wa uzazi, ugonjwa unaotibika vizuri ukigunduliwa mapema na kwa shida ukigunduliwa umekwisha kuenea. Pamoja na hiyo ipo saratani ya shingo ya kizazi, inayosababishwa na virusi vya HPV, ambayo ni miongoni mwa saratani zinazowaua zaidi wanawake wa Tanzania. Chanjo ya virusi hivyo ilianza kutolewa nchini kwa wasichana mwaka 2018. Mama zao hawakuipata, hivyo kinga yao ni uchunguzi, ambao hufanywa kwa kupaka shingo ya kizazi maji ya siki yaliyozimuliwa na kutazama sehemu zinazobadilika kuwa nyeupe, na hauchukui zaidi ya dakika chache. Mwanamke aliyekwisha kuacha kuzaa huwa ameacha pia kwenda kliniki, na ndiyo maana umri huu unahitaji kumrudisha huko kwa makusudi.

Ukavu wa uke ni dalili inayofichwa kuliko zote, nayo ina tofauti kubwa na joto: joto hatimaye hupungua lenyewe, ilhali ukavu usipotibiwa huendelea na mara nyingi huzidi. Ngozi ya uke na ya njia ya mkojo huwa nyembamba, ute hupungua, tendo la ndoa huuma, mkojo huunguza na maambukizi hujirudia. Hapa ipo mila moja inayostahili kuonywa waziwazi. Matumizi ya shabu, ile chumvi ya mawe inayokaza ngozi, pamoja na dawa za majani zinazotiwa ukeni ili kukaza na kukausha, huiumiza ngozi ambayo tayari imekonda, huifungua michubuko na huyaalika maambukizi. Mwanamke aliyezitumia akiwa na miaka 25 bila ya dhara asidhani kuwa mwili wa miaka 52 utazistahimili. Kujifukiza udi nguoni na nyweleni hakuna tatizo, lakini moshi na sabuni za manukato visielekezwe ukeni, na istinjai ya maji safi inatosha. Tiba yenyewe ni nyepesi: vilainishi vya maji vinavyouzwa katika maduka ya dawa hutumika wakati wa tendo, na krimu ya estrojeni ya kiwango kidogo, inayopakwa mahali hapo kwa maelekezo ya daktari, huirudishia ngozi unene na unyevu wake huku kiasi kidogo sana kikiingia katika damu. Mafuta ya nazi huwafaa baadhi ya wanawake, isipokuwa wale ambao waume zao hutumia kondomu za mpira, kwa kuwa mafuta huzidhoofisha kondomu hizo.

Mume anahitaji kuambiwa. Mwanamke anayejitenga kitandani kwa sababu ya maumivu, bila ya kuieleza sababu, humfanya mumewe adhani kuwa amechokwa, naye mke huishi na hofu ya kuletewa mke mwenza. Na ndoa ya miaka 25 huyumba kwa jambo ambalo krimu na mazungumzo ya jioni moja yangelitatua. Mume anayeelewa kwamba ukavu huo ni wa ngozi na si wa moyo hupata nafasi ya kuonesha huruma ambayo dini inamtaka aioneshe. Somo wa mke, au shangazi anayeheshimiwa na pande zote mbili, anaweza kulifikisha neno hili pale ambapo mke anaona haya.

Kuhusu hali ya nafsi, mwanamke aliye katika mpito huweza kusahau majina, kukosa utulivu, kulia bila ya sababu na kuingiwa na hofu, na waliowahi kupata huzuni kubwa baada ya kujifungua huwa katika hatari zaidi. Jamii ya pwani huzifasiri hali hizi kwa masheitani, na familia nyingi hutafuta kisomo. Kumsomea mgonjwa Qurani hakupingani na tiba, na huenda kukampa utulivu. Tatizo ni pale kisomo kinapochukua nafasi ya tiba kwa miezi, au mganga anapomtoza mwanamke fedha na kumwambia aache dawa za hospitali. Huzuni inayodumu wiki mbili na kumzuia mwanamke kula, kulala au kufanya kazi zake, na zaidi ya yote fikra za kujidhuru, hutaka daktari haraka, na kwenda katika huduma ya afya ya akili, ikiwamo ile ya hospitali ya Kidongo Chekundu, hakumpunguzii mtu heshima yake.

Tiba ya homoni imezungukwa na hofu ambayo chanzo chake kinajulikana. Mwezi wa Julai 2002 utafiti wa Marekani uliohusisha wanawake zaidi ya 16,000 ulisimamishwa kabla ya wakati, baada ya kuonekana kwamba waliopewa vidonge vya estrojeni pamoja na projestini walipata saratani ya matiti, kiharusi na mabonge ya damu zaidi ya wenzao. Habari ikaenea duniani na wanawake wengi wakaacha dawa. Kilichochelewa kuenea ni ukubwa halisi wa hatari hiyo, uliokuwa wagonjwa 8 wa ziada wa saratani ya matiti kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka, na ukweli kwamba wastani wa umri wa washiriki ulikuwa miaka 63, wengi wakiwa wamekwisha kupita hedhi kwa muda mrefu. Msimamo wa wataalamu hivi sasa ni kwamba kwa mwanamke mwenye afya aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu hedhi kukoma, na ambaye dalili zinamtesa, faida za tiba hii kwa kawaida huzidi madhara. Mwenye mfuko wa uzazi hupewa estrojeni pamoja na projestini, kwa kuwa estrojeni peke yake hunenepesha ukuta wa mfuko huo na kuweza kuleta saratani. Na inayopitishwa katika ngozi, kwa bandiko au jeli, ina hatari ndogo zaidi ya kugandisha damu kuliko vidonge. Haifai kwa aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi au bonge la damu, mwenye ugonjwa mkubwa wa ini, wala mwenye damu ambayo sababu yake haijajulikana. Hao wana njia nyengine, kwa kuwa zipo dawa za sonona na za kifafa ambazo, kwa viwango vidogo, hupunguza joto la ghafla. Habbat soda na mitishamba myengine haina ushahidi imara wa kulizuia joto hilo, na anayeitumia amtajie daktari, kwani baadhi huingiliana na dawa za presha na sukari. Homoni zinazoletwa na jamaa kutoka Muscat au Dubai, bila ya cheti wala kupimwa, zisitumiwe.

Mifupa hudhoofika kimyakimya, na kasi yake huwa kubwa zaidi katika miaka mitano hadi saba ya mwanzo. Mwanamke aliyezidi miaka 50 anahitaji miligramu 1,200 hivi za kalisi kwa siku, na gilasi moja ya maziwa humpa takriban 300. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, mtindi na ufuta husaidia kuijaza sehemu iliyobaki, ilhali mchicha, pamoja na uzuri wake, una kemikali inayoizuia kalisi isinyonywe. Mwili hauwezi kuitumia kalisi hiyo bila ya vitamini D, inayotengenezwa na ngozi iliyopigwa na jua, na upungufu wake umeonekana sana kwa wanawake wa nchi za Ghuba ambako jua ni kali lakini ngozi hufunikwa. Mwanamke wa Unguja mwenye uwani wenye faragha anaweza kukaa humo nusu saa hivi, mara kadhaa kwa wiki, mikono na miguu ikiwa wazi. Kutembea kwa haraka jioni kwenye barabara ya Chukwani hadi Mbweni, na kunyanyua vitu vyenye uzito wa kiasi, huipa mifupa sababu ya kubaki imara. Presha, sukari na mafuta ya damu navyo vipimwe kila mwaka, kwa kuwa kinga ambayo estrojeni iliipa mishipa ya moyo huondoka pamoja nayo.

Anayekwenda hospitali, iwe ni kituo cha afya cha karibu au kwa rufaa Mnazi Mmoja, achukue daftari lake la tarehe, orodha ya dawa zote anazotumia zikiwamo za mitishamba, na maradhi yaliyomo katika ukoo wake. Aliyezidi miaka 45 mwenye dalili za wazi kwa kawaida hahitaji kipimo cha damu cha homoni, kwa sababu homoni za mpito hubadilika kila siku na kipimo kimoja huweza kudanganya, hivyo asiuziwe vipimo vya gharama kwa ajili hiyo. Aliye chini ya miaka 40 anavihitaji, na asikubali kurudishwa nyumbani bila ya kupimwa. Anayeona haya kuzungumza na daktari mwanamume ana haki ya kuomba ahudumiwe na mwanamke, na mkunga mwenye uzoefu anaweza kumsikiliza na kumuelekeza. Binti naye aelezwe umri ambao mama yake alikoma hedhi, kwa kuwa tabia hii huweza kurithiwa, na ikiwa mama alikoma kabla ya miaka 45 naye binti anataka watoto, asichelewe kulizungumza na daktari angali kijana.